Ndengu Iliyobaki Mezani

Mwandishi niliyemhudumia kule Doonside, Sydney, hakuamini karatasi. Aliamini masikio ya mtu mwingine. Hadithi ikimjia hakuiandika. Alimketisha mtu mbele yake, akamsimulia polepole, kisha akamwacha aende zake. Siku tatu nne zikipita na mtu huyo akirudi, Mwandishi alimwambia, "Haya, nirudishie," naye alilazimika kuisimulia yote tangu mwanzo. Alichokisahau kilifutwa. Hakikujadiliwa wala kuombewa msamaha. Kama hakikukaa kichwani mwa mtu siku nne, alisema, kilikuwa pambo tu.

Kwa miaka mitatu mtu huyo nilikuwa mimi.

Wasomaji wa hapa kwetu hawatamjua, lakini huko kwao Ufilipino hakuna aliyepita shule asimjue. Hadithi zake fupi husomwa darasani na watoto huulizwa maswali yake kwenye mitihani. Aliandika kwa Kiingereza na kwa lugha ya kwao, vitabu saba, na hakuna hata kimoja ambacho ni riwaya. Nilipomuuliza sababu alisema riwaya ni ya watu wenye uhakika wa kesho.

Nami si mtu wa kuokotwa. Nilifika Sydney na begi moja. Nilirudi na diploma ya utunzaji wa wazee, cheti cha kuzuia maambukizi, na jina. Leo hapa Kitale nina chuo changu cha kufunza watunzaji, kibao chake kinaonekana tangu barabara kuu, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini katika yote niliyoyafanya, ninalonyoosha mgongo nikilitaja ni hili: mwandishi mkubwa wa nchi ya watu alinichagua mimi, mtoto wa muuza mkaa, niwe chujio lake. Neno hilo ni lake. "Chujio langu limefika," alikuwa akisema nikifungua geti.

Mwezi uliopita mpwa wake aliniandikia. Wanakusanya hadithi zake za mwisho ziwe kitabu. Moja haipo popote, kwa sababu hakuwahi kuiandika. Anajua shangazi yake alinisimulia mimi. Anaomba niitume, "kama alivyoisema, usiongeze wala usipunguze."

Kwanza acha nimweleze mwenyewe.

Nyumba ilikuwa ya matofali mekundu, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka stesheni. Kiti chake kilielekea dirisha, na dirisha lilielekea geti. Macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga na vivuli tu, lakini hakukubali kiti kigeuzwe upande wa televisheni. Siku yangu ya kwanza nilikigeuza. Akasimama, mwanamke mdogo mwenye uzito wa mtoto wa darasa la tano, akakirudisha peke yake.

"Nani atawaona wakija?" aliniuliza.

"Akina nani, Bibi?"

"Wakija utawajua."

Kando ya kiti kulikuwa na begi la kitambaa lililofungwa. Ndani yake mlikuwa na soksi, sweta, mswaki na miwani ambayo haikumsaidia tena. Nilikatazwa kulihamisha hata nikifagia. Nilimwita Bibi. Kwao wana neno lao, lakini alisema la kwetu bado halijachoka. Katika Kiswahili alipenda zaidi neno "pole". Alilisema kwa kila kitu, kwa kikombe kilichovunjika na kwa mtu aliyefiwa. "Neno moja linafanya kazi ya ukurasa mzima," alisema. "Nyinyi mna bahati."

Alinijaribu kabla ya kunichagua. Wiki ya pili alinitajia vitu vya kununua, zaidi ya thelathini, upesiupesi, bila kuniruhusu niandike. Nilipanda gari moshi hadi Mount Druitt, nikanunua, nikarudi, nikavipanga mezani kwa mpangilio uleule aliovitaja. Alivipapasa kimoja kimoja.

"Una kichwa cha mwizi," alisema.

Niliona fahari, na kusema kweli bado naiona. Kanisani kwetu Mount Druitt walinijua kwa kusoma zaburi nzimanzima bila kufungua kitabu. Lakini hakuna aliyewahi kukipa kichwa changu kazi yenye maana kama ile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ijumaa kwao ni siku ya ndengu, kama zilivyo ndengu kwetu karibu kila siku, na bakuli la ndengu mbichi lilikaa mezani daima. Akisimulia, kila kipande cha hadithi kilipokwisha aliweka ndengu moja juu ya meza, akizipanga mstari kwa ncha ya kidole kwa kuwa hakuona. Ndengu hizo hazikuguswa hadi nirudi. Nikirudi nikasimulia, kila kipande nilichokitaja alirudisha ndengu yake bakulini. Mwishoni zilizobaki mezani ndizo nilizosahau. Alizikusanya, akafungua dirisha, akazitupa uani, na kasuku weupe wa mtaani walishuka wakigombana.

"Wamekula aya nzuri leo," alisema siku moja. "Ilikuwa na mwezi na mto. Hukukumbuka hata mmoja."

"Samahani, Bibi."

"Usiombe samahani. Mwezi ndio uombe."

Baada ya hapo alimwita mpwa wake, kijana mkimya aliyefanya kazi kwenye ghala la vyakula na kukaa naye, akamwandikisha kilichobaki. Ndiyo maana hadithi zake ni fupi hivyo, na ndiyo maana hazimwachii mtu.

Alikuwa mkali. Kijana mmoja wa chuo kikuu alikuja na hadithi yake kwenye karatasi nyingi zilizobanwa vizuri, akataka maoni. Mwandishi akaziweka chini ya sahani ya matunda.

"Nisimulie," alisema.

"Iko hapo, nimeiandika."

"Nimesikia. Nisimulie."

Kijana alianza, akakwama, akanyoosha mkono kuchukua karatasi. Mwandishi akaiegemea sahani kwa kiwiko. "Ikiwa wewe kijana huwezi kuibeba, mimi mzee niibebe?" Akampa chai na keki ya wali, akamuuliza habari za mama yake kwa upole sana, akaagana naye.

Lakini mkali huyohuyo alikuwa mwongo wa mambo madogo. Daktari alimkataza chumvi. Alimwapia daktari kwamba hajaigusa tangu Pasaka, na samaki wakavu walikuwa chumbani kwake ndani ya sanduku la kandambili. Nyumba nzima ilijua kwa pua. Nilipomwambia kwamba nyaraka za kazi zinanitaka niripoti, alisema, "Andika kwamba viatu vyangu vina chumvi nyingi."

Nishani zake hazikuwa ukutani. Niliziona siku nilipofua mapazia. Alikuwa amezishonea ndani ya pindo la chini ili mapazia yanyooke. Na siku moja muuguzi wa Kifilipino alikuja kumfunga kidonda cha mguu, akaona jina kwenye karatasi ya dawa, akapiga ukelele.

"Ni wewe! Nilianguka mtihani kwa sababu yako! Yule mwanamke wa kisimani katika hadithi yako! Waliuliza kwa nini hakugeuka nyuma!"

"Wewe ulijibu nini?"

"Kwamba shingo ilimuuma."

Mwandishi alicheka hadi bandeji ikafunguka. "Wangekupa alama zote," alisema. "Alilalia shingo vibaya."

Nilidhani anatania. Baadaye, katika hadithi nyingine, nilijua yule mwanamke wa kisimani alikuwa nani na nyuma yake kulikuwa na nini.

Niliwahi kumuuliza desturi ile ya kusimulia na kurudishiwa ilianzaje. Hakujibu siku hiyo. Alijibu baada ya wiki mbili, nikimkata kucha, kama vile nilikuwa nimeuliza sekunde ile.

Zamani, alisema, kulikuwa na miaka ambayo wanajeshi waliingia nyumba za watu kutafuta karatasi. Mtu alichukuliwa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Basi akaacha kuweka hadithi zake kwenye karatasi, akaziweka kwa watu. Moja alimpa dobi, moja muuza barafu, moja mwalimu mwenzake. Kila mmoja aliitunza yake, na akiitaka alienda kuichukua. Watu wale hawakujua wamebeba nini. Walidhani ni soga za mama mwenye maneno mengi.

Moja alimpa fundi redio wa mtaani, mtu mwenye kumbukumbu nzuri sana. Ilikuwa hadithi ya barabara yao wenyewe, na ndani yake mlikuwa na mtu anayesimama karibu na geti akihesabu wanaoingia. Alipoirudisha, fundi yule alisema kila kitu, hata rangi ya mbwa. Mtu wa getini hakumtaja.

"Nikadhani amesahau," Mwandishi alisema. "Nikakifuta kipande kile, maana ndiyo sheria yangu. Baada ya siku tisa walikuja. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana. Walibisha hodi kwa adabu. Mume wangu alitoka na kitambaa cha mkono bado shingoni."

Niliacha kukata.

"Kitambaa kilirudi," alisema.

Nikaendelea na kucha. Aliuvuta mkono wake, akaushika wangu.

"Sikiliza vizuri, Chujio. Mtu akisahau, hupapasa. Sauti yake hupungua, hutafuta, hurudi nyuma. Anayeruka hapapasi. Hupita kama mtu anayejua ubao uliooza uko wapi. Tangu siku ile najua tofauti yake."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, na chumba kilikuwa na joto, lakini nakumbuka nilifunga dirisha.

Korona ilipofika alikuwa ameshaitarajia. Si ugonjwa wenyewe. Aliutarajia ule ukimya. Alisema mitaa inayonyamaza mchana haijawahi kumletea jema. Alikuwa na mila moja ya kwao ambayo aliicheka na kuishika vilevile: mtu akitoka msibani asiende moja kwa moja nyumbani, apitie mahali pengine kwanza, ili kilichomfuata kiachwe hapo. Nilipotoka kwenye mazishi ya Mkongomani mmoja wa kanisani, hakunifungulia mlango hadi nilipozunguka kwanza dukani.

"Bibi, wewe si unasema mizimu ni ya wajinga?"

"Ndiyo. Sasa nenda dukani."

Baadaye, nilipomweleza jinsi virusi vinavyosafiri, nikitumia yote niliyofundishwa, alisikiliza hadi mwisho akasema virusi na mizimu vina tabia moja. Vyote viwili huja nyuma ya mgeni mwema.

Mwaka wa pili wa korona, mitaa yetu ya magharibi ilibanwa kuliko mingine. Helikopta ilizunguka juu ya mapaa ikitangaza watu wakae ndani. Gari moshi lilisimama Doonside nikashuka peke yangu, na nilisikia viatu vyangu kote njiani. Kisha serikali ikaleta wanajeshi kusaidia polisi kupita nyumba kwa nyumba, kuangalia wagonjwa na kugawa chakula.

Nilikuwepo walipofika kwake. Vijana wawili, hawana silaha, barakoa usoni, mmoja amebeba katoni ya vyakula. Mwandishi aliwasikia kabla ya geti kulia. Nilipotoka jikoni alikuwa amesimama, amevaa viatu, begi la kitambaa mkononi.

"Bibi, wameleta chakula."

"Wamebishaje?"

"Kwa adabu."

"Naam," alisema.

Ilinichukua nusu saa kumkalisha. Katoni ile hakuila. Siku tatu hakusimulia chochote. Nilipomuuliza kama anaogopa, alisema haogopi wanaobisha. Anaogopa wanaofunguliwa bila kubisha.

Wakati huo nilipanga chumba Mount Druitt pamoja na mzee mmoja wa Kikongo, Papa Ezekieli, aliyepakia mizigo kwenye ghala moja. Alinitania tangu siku ya kwanza. Aliniita Diplome. Jumapili moja jioni koo lilianza kuniwasha. Jumatatu asubuhi nilikohoa nikifunga kamba za viatu.

"Ee, Diplome! Ile kifua yako inalia sawa kamiyo ya mizigo kule Uvira. Unaenda wapi?"

"Kazini. Ni vumbi tu."

"Vumbi ya wapi? Mvua imenyesha siku mbili. Bakia nyumba, ndugu yangu. Ule bibi iko mzee."

"Papa, mimi nina cheti cha mambo haya. Cheti kiko ukutani."

"Basi tuma cheti kiende kazi, weye ulale."

Alicheka, nami nikacheka, nikatoka.

Mtu angedhani nilienda kwa sababu ya mshahara. Sivyo. Sikuwahi kukosa shifti hata moja tangu nifike nchi ile, na nilikuwa na barua ya pongezi kuthibitisha. Na kuna hili pia, ambalo sikumwambia mtu: nisipoenda, kampuni iliyoniajiri ingemtuma mwingine. Mwingine angekaa kwenye kiti changu mbele ya bakuli la ndengu. Labda naye angekuwa na kichwa kizuri.

Nilipofika getini nilikohoa, mara mbili, ndani ya mkono wa koti. Nilifuta mdomo. Nikaweka barakoa sawa. Mlangoni kulikuwa na fomu ya kampuni ya kujaza kila siku, na swali la kwanza lilikuwa dalili. Nikaweka alama kwenye hapana.

"Chujio langu limefika," alisema. Alikuwa kwenye kiti chake, uso umeelekea geti.

Nilimwosha, nikampa uji. Kisha akavuta bakuli akasema, "Kaa. Nina kitu."

Hadithi ilikuwa ya mwanamke anayeishi mwisho wa barabara ambayo watu wake wote wameamriwa wasitoke. Mtu mmoja tu humjia, humletea maji na mkate. Mwanamke humjua kwa hatua zake. Humwandalia vikombe viwili. Huyo ndiye mtu wake wa pekee duniani, na mtu huyo ni mwema kweli. Mwandishi alitumia ndengu nne kueleza wema wake. Kisha siku moja hatua zinafika getini na kusimama. Mtu anakohoa, mara mbili, ndani ya mkono wa nguo. Anafuta mdomo. Anabisha. Na mwanamke, ndani, ana muda wa kuvuta pumzi moja kuamua: akimwambia arudi atabaki peke yake, akimwambia aingie labda atakufa. Anasema, "Ingia." Wanakunywa. Mtu anaosha vikombe, anaaga, na mwanamke anasikiliza hatua hadi zinapokwisha.

Ndengu kumi na nne. Aliponyanyua kidole kutoka kwenye ile ya mwisho alinigeuzia uso.

"Umeisikia yote?"

"Nimeisikia, Bibi."

"Hakuna unachotaka kuniambia sasa?"

"Ni nzuri sana."

"Basi Alhamisi," alisema.

Jioni hiyo nilienda kupimwa. Foleni ilikuwa ndefu na majibu yalichelewa siku zile. Sheria nilifundishwa, na leo nawafundisha wengine: mwenye dalili akae nyumbani hadi majibu yatoke. Jumanne nilikaa. Jumatano nilikaa, nikajisikia nafuu. Alhamisi nilienda.

Papa Ezekieli hakunitania asubuhi hiyo. Alisimama mlangoni mwa jikoni na kikombe chake akasema tu, "Diplome," nami nikajifanya nina simu sikioni.

Ndengu kumi na nne zilikuwa mezani palepale. Nilikaa mbele yake. Alikuwa na kawaida ya kunitaka nishushe barakoa ninaposimulia. Alisema hadithi ikipita kwenye kitambaa inachujwa mara mbili. Kwa miezi nilikuwa nikimkatalia kwanza, kisha nikikubali, kwa kuwa nilipenda anavyosikiliza sauti yangu. Siku hiyo sikungoja aombe. Niliishusha.

"Haya. Nirudishie."

Nilisimulia vizuri. Nadhani sijawahi kusimulia vizuri hivyo. Barabara, amri, maji, mkate, vikombe viwili, wema wote wa mtu yule. Ndengu zilirudi bakulini moja baada ya nyingine. Kisha nikasema, "Siku moja hatua zikafika getini. Mtu akabisha."

Sikupapasa. Sauti yangu haikupungua. Nilipita.

Kidole chake kilisimama juu ya ndengu, kikangoja, kikairuka, kikaenda kwenye inayofuata. Niliendelea hadi mwisho. Bila kipande kile hadithi ilibaki nzuri. Ilikuwa hadithi ya mwanamke mpweke na mtu mwema anayemletea mkate. Hata uamuzi wa mwanamke, pale mlangoni, ulionekana kuwa adabu tu ya mwenye nyumba.

Ndengu moja ilibaki mezani.

Nilisubiri afungue dirisha. Kasuku walikuwa kwenye waya, wanangoja pia. Aliichukua kwa vidole viwili, akaishika muda mrefu, akaitia mfukoni mwa sweta.

"Imekwisha, Bibi?" nilimuuliza.

"Osha vikombe," alisema.

Niliviosha. Nilipoaga hakunijibu, lakini nilipofika getini nilijua anasikiliza, na kikohozi kilikuwa kinanikaba. Nilikizuia hadi nilipopita kona.

Ijumaa majibu yakafika kwenye simu. Ninao ugonjwa. Niliipigia kampuni, nikasema dalili zimeanza Alhamisi jioni. Waliandika hivyo. Jumatatu mpwa wake naye alipimwa akakutwa nao; ghalani kwao wengi walikuwa wagonjwa. Jumatano Mwandishi alichukuliwa na gari la wagonjwa. Mpwa aliniambia kwamba waliokuja kumbeba walivaa nguo za kujikinga toka kichwani hadi miguuni, na shangazi yake aliposikia hatua zao alisimama na begi lake la kitambaa, viatu vimeshavaliwa.

Nani alimwambukiza, hakuna ajuaye. Huenda ni mpwa. Mpwa anaamini ni yeye, na shangazi yake alipofariki alinililia kwenye simu, akisema, "Kaka, nimemuua shangazi yangu kwa ajili ya katoni za maharage." Nilimwambia asijilaumu, virusi vilikuwa kila mahali. Nilimwambia pole. Nimelitegemea ghala lile miaka yote hii kama mtu anavyoegemea ukuta.

Siku ya kumi tangu majibu nilikuwa nimepona. Simu ikalia, namba ya hospitali, ya video. Aliyeshika tableti upande wa pili alikuwa muuguzi aliyejifunika uso, na sauti yake ilikuwa ya nyumbani kabisa.

"Habari yako? Wewe ndiye Chujio?"

"Ndimi."

"Basi hilo ni jina! Mimi ni wa Nakuru, naishi Quakers Hill. Huyu bibi, huyu shosho wetu, amekuulizia tangu jana, mpaka familia ikanipa namba yako. Anataka umsimulie kitu. Ongea haraka, pumzi ni kidogo na betri pia ni kidogo."

Akageuza tableti. Uso ulikuwa umepungua, mirija ya hewa puani. Macho yalielekea kando, mahali penye mlango.

"Bibi," nilisema. "Ni mimi."

Midomo yake ilisogea. Muuguzi aliinama kusikiliza.

"Anasema, nirudishie." Akainama tena. "Anasema kuna mtu mmoja zamani hakumpa nafasi ya kusimulia mara ya pili. Wewe anakupa. Sijui ni mambo gani, mimi nasema tu alivyosema."

Nilikuwa nimekaa kitandani, Mount Druitt, cheti changu ukutani mbele yangu kwenye fremu. Papa Ezekieli alikuwa jikoni. Nilimsikia amezima maji ya bomba. Nilianza. Barabara, amri, maji, mkate. Vikombe viwili. Wema wa mtu yule, ambao sasa kila neno lake lilinichoma, nikausema wote kwa sababu ulikuwa kwenye hadithi. Nilipofika getini sauti ilipotea.

"Umekwama?" muuguzi aliuliza. "Uko hapo?"

"Siku moja," nilisema, "hatua zikafika getini zikasimama. Mtu akakohoa."

Mwandishi hakugeuza uso.

"Mara mbili. Ndani ya mkono wa koti. Akafuta mdomo. Alijua, Bibi. Alijua tangu Jumapili. Kisha akabisha."

Hadithi yake haikusema Jumapili. Hiyo niliiongeza mimi, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumwongezea.

Kisha mkono ukainuka kutoka kwenye shuka, ngumi iliyofungwa.

"Ee, mkono huu," muuguzi alisema. "Tumeshindwa kuufungua tangu aingie. Tulidhani ni maumivu." Akaushika. "Umeshika nini, shosho? Nionyeshe."

Ngumi ikafunguka yenyewe.

"Ni ndengu," muuguzi alisema. "Jamani, ni ndengu moja tu. Nitupe?"

Midomo ikasogea.

"Hapana, hataki. Anasema niirudishe." Muuguzi alitazama huku na huku akitafuta mahali, akachukua kikombe cha plastiki cha dawa kilichokuwa kando ya kitanda, akakishikilia karibu na mkono ule. Mwandishi akakipapasa ukingo kwa ncha ya kidole, kama alivyopapasa meza, akaiachia.

Niliisikia ikianguka.